Vidole vya Makala

Kabati lilikuwa la chuma, rangi ya kijivu, lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikaa kwa direktere, mkuu wa shule, wa pili kwa mhasibu. Ili lifunguke ilibidi wote wawili wawepo siku moja, wote wawe na nafasi, na wasiwe wamenuniana. Nilifundisha katika shule ile ya hapa Goma, mashariki ya Kongo, miaka minne kabla ya kuona kilichomo. Vilikuwa vitabu vya watoto, zaidi ya mia mbili, vipya kabisa, kurasa bado zimegandana. Mradi fulani uliviacha, picha zikapigwa, wageni wakapanda magari yao. Nilipouliza kwa nini havitoki, nilijibiwa kwa upole tu: "Mwalimu, batoto batabichafula."

Sikubishana. Siku zile hata mimi niliona ni jibu la busara.

Nafundisha mwaka wa tatu wa msingi. Darasa langu ni la mbao na mabati, sakafu yake ni lava iliyosawazishwa kwa saruji kidogo, na mwaka ninaousimulia lilikuwa na watoto 71. Wenye kumbukumbu wanajua namba hizi zilitoka wapi. Katiba ya 2006 ilishasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini ahadi ikalala kwenye karatasi mpaka mwaka wa masomo 2019-2020. Ilipoamka, watoto wote waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa minerval, ada ya shule, walikuja kwa mkupuo. Dawati la watoto wawili likawa la wanne. Mimi nilifurahi, sikatai. Nilikuwa na majirani zangu mwenyewe kati ya wale waliokuja. Ila vitabu havikuzaana kama watoto walivyoongezeka, kwa hiyo tuliendelea kusoma ubao.

Na kusoma ubao kwenyewe nikuelezeni. Mwalimu anaandika: Papa analima. Mama anapika. Mtoto anasoma. Anapiga fimbo chini ya kila neno, darasa linaitikia kwa sauti moja, na jirani anayepita njiani anasema, lo, hapa watoto wanasoma! Tulikuwa na sentensi hizo tatu wiki nzima. Asubuhi moja, sijui ni shetani gani alinituma, nikafuta "Mama" nikaandika "Mbuzi". Nikapiga fimbo.

"Maaama anapika!"

Nikapiga tena. Mama anapika, tena kwa nguvu zaidi, maana walidhani nataka sauti. Mtoto mmoja wa nyuma kabisa, karibu na dirisha, akaangua kicheko. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema, "Mwalimu, mbuzi anapika." Darasa zima likageuka kumtazama yeye. Hakuna aliyetazama ubao.

Kati ya watoto 71 mmoja alikuwa anasoma. Sabini walikuwa wanaimba.

Siwezi kusema usiku ule sikulala. Nililala, nilikuwa nimechoka. Lakini Jumamosi iliyofuata nilianza kutafuta vitabu, na kwa mwezi mmoja nikawa navyo kumi na kimoja. Vitatu vya Kifaransa nilivikuta soko la Virunga ndani ya lundo la viatu vya mitumba vilivyotoka Ulaya. Muuzaji alinipa kwa bei ya soksi. Vitano alinibebea mjomba wangu anayeendesha lori la mizigo kutoka Dar es Salaam. Wenzetu wa Tanzania wana mradi wa vitabu vya watoto tangu 1991, unaosaidia waandishi na wachapaji wa hadithi za Kiswahili, na ukishika vitabu vyao unaona kwamba kuna watu walikaa wakafikiria mtoto kwanza: sentensi fupi, picha kubwa, mbuzi anayefanana na mbuzi. Vitatu vilivyobaki nilivitoa kwenye simu. African Storybook, kazi ya shirika la Saide la Afrika Kusini, iko kwenye intaneti tangu 2014, hadithi za Kiswahili zimo, na nyingi zina leseni inayokuruhusu kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha maneno, mradi jina la mtunzi libaki. Nilikwenda kwa kijana wa fotokopi upande wa Birere. Ilikuwa mia moja ya franka kwa ukurasa siku umeme upo; siku ya jenereta alipandisha, na siku ya jenereta ndiyo zilikuwa siku nyingi.

Vitabu kumi na kimoja kwa watoto 71. Direktere alicheka, lakini alicheka vizuri. Aliniambia, "Sasa hiyo utaiita bibliotheke?"

Nilitaka mahali pa kuviweka ambapo mtoto anaona sura ya kitabu. Hili nililishika mapema: mtoto wa miaka minane hachagui kitabu kwa mgongo. Ukivipanga kama vya padri, mgongo nje, ataona vijiti. Ukivigeuza uso nje, ataona simba, ataona bibi mwenye kikapu, mkono utakwenda wenyewe. Kwa hiyo nilihitaji rafu nyembamba, fupi, inayofika kifuani mwa mtoto. Tena iwe ya kuhamishika, kwa kuwa mchana darasa letu ni la wengine, na mwalimu wa mchana ana vita vyake.

Fundi niliyempata kazi yake ni kutengeneza chukudu. Kwa asiyejua Goma, chukudu ni kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, kinachoteremka kutoka Kibumba na kabeji, viazi na magunia mpaka mjini, dereva amepiga goti moja juu yake. Tumekipenda mpaka tumekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point, mzunguko wa barabara. Fundi alisikiliza maelezo yangu yote, akanyamaza, akauliza swali moja: "Magurudumu ngapi?" Nikamwambia ni rafu, haina gurudumu. Akanitazama kama mtu aliyeagiza ng'ombe asiye na miguu. Ikaja na manne, ya mti mgumu, yamevishwa mpira wa tairi. Kwenye sakafu yetu ya lava ilikuwa inatingishika kama mlevi, lakini kila saa sita watoto wawili waliisukuma mpaka ofisini, wengine wakipiga mluzi kama madereva, na niligundua kwamba kusukuma rafu kulitafutwa kuliko kufuta ubao.

Sasa lugha. Hapa nitakaa kidogo.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za taifa au za mazingira ya mtoto, na Kiswahili ni kimoja kati ya lugha nne za taifa. Vizuri. Lakini Kiswahili cha nani? Vitabu vya mjomba vinasema shule. Sisi tunakwenda masomo. Vinasema maji, sisi tunakunywa mayi. Vinasema dagaa, na mtoto wa ziwa Kivu anajua sambaza. Mkaa kwetu ni makala, na nikimwambia mama yeyote wa mtaa wa Majengo kwamba ninaandika makala ataniuliza gunia ni bei gani.

Mwanzoni nilisahihisha kila kitu. Mtoto anasoma kwa kidole: "Juu ya nini sungura alilia?" Kitabuni imeandikwa kwa nini. Namkatiza, anaanza upya, anakosea tena, anaona haya, anafunga kitabu. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa ninachokiua. Yule aliyesema "Mama anapika" mbele ya neno mbuzi hakuwa ameona kitu. Huyu aliyesema "juu ya nini" mbele ya kwa nini ameona maneno, ameyaingiza kichwani, yakageuka kuwa ya kwao, yakatoka na maana yake kamili. Wote wawili wamekosea ubaoni kwa inspekta. Mbele yangu mmoja ameimba, mwingine amesoma, tena amesoma kuliko mimi niliyekuwa nikifuata herufi zake. Tangu hapo mtoto akisema mayi naacha ayanywe. Tukimaliza hadithi ndipo tunarudi kutafuta maneno ya kitabu na maneno ya nyumbani, tunayaandika ubaoni mawili mawili, na huo ukawa mchezo wanaoudai.

Vile vitatu vya Kifaransa nilidhani vitabaki pambo. Kimoja kilikuwa cha watoto wanaocheza kwenye theluji. Nilisema neige, nikasema theluji, nikasema barafu inayoanguka kama unga. Wote wakanitazama tu. Halafu mmoja akauliza, "Ni ile ya Karisimbi?" Baada ya usiku wa mvua na baridi, asubuhi mawingu yakifunguka, kilele cha Karisimbi huwa kimepauka, cheupe; ni mlima wa mita 4,507, na wazee husema jina lake limetokana na isimbi, gamba jeupe la kombe. Komine yetu yenyewe, yaani manispaa yetu, inaitwa Karisimbi. Nimeishi chini ya jina hilo maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiria kwamba theluji ya Ulaya ilikuwa imeandikwa kwenye kitambulisho changu. Kitabu kile cha soksi kiliazimwa mpaka kikagawanyika vipande viwili.

Kusoma kimya hatukukupanga, kulianzishwa na mvua. Mvua ya Goma ikishuka kwenye mabati hakuna mwalimu. Unafungua mdomo, watoto wanaona meno tu. Zamani tulikaa tukisubiri, wakigombana, wakivuja pamoja na paa. Siku moja niligawa vitabu kumi na kimoja, watoto sita au saba kwa kitabu, nikawaonyesha kwa ishara: someni. Waliegemeana vichwa. Mvua ilipokatika ghafla nilisikia kitu ambacho sijakisikia tena kwa uzuri ule, sauti ndogo ndogo za watu wanaosomeana sikioni, ambao hawajagundua kwamba mvua imeisha.

Kufikia mwaka uliofuata vilikuwa vitabu zaidi ya hamsini, vingi tulivyotengeneza wenyewe. Karatasi nne zinakunjwa, zinashonwa katikati kwa uzi wa magunia, jalada ni katoni ya maziwa ya unga. Mimi niliandika maneno, watoto wakachora. Kilichopendwa kuliko vyote kilihusu kuku aliyejificha ndani ya kikapu cha kabeji akapanda meli ya kwenda Bukavu. Ukurasa mmoja sauti moja: injini, mawimbi, mtoto mchanga, abiria anayetapika. Huyo anayetapika alichorwa kwa uangalifu mkubwa.

Ndipo nikaanza kuazimisha. Walimu wenzangu walinionya, na walikuwa na haki. Niliweka Jumatano, kwa sababu cha Ijumaa kinasahauliwa mpaka Jumatatu ya pili. Mtoto anaandika jina lake na la kitabu kwenye kaye, yaani daftari, yeye mwenyewe kwa biki yake, na kitabu kinakwenda ndani ya sashe, mfuko wa plastiki. Muhula wa kwanza vilipotea vitano. Kimoja kilirudi kimeloa kwa sababu kilisafiri mgongoni pamoja na bido, dumu la maji, lililovuja kutoka ziwani mpaka nyumbani. Kimoja kililiwa na mbuzi, na niliamini, kwa sababu waliniletea jalada lenye meno. Nilikasirika kila mara. Sitajifanya mtakatifu.

Na siku ya kuku nilikasirika zaidi. Ilikuwa Novemba 2024. Kitabu kilirudi na alama nyeusi za vidole, kubwa, ukurasa wa tisa mpaka wa kumi na moja, chini ya kila mstari. Nilikuwa nimekishona mwenyewe usiku. Nilimsimamisha yule msichana mbele ya wenzake nikamgombeza, na neno lililotoka kinywani mwangu lilikuwa lile lile la kabati: umekichafua. Hakujibu. Aliangalia miguu yake.

Jumatano iliyofuata alikiomba tena. Kikarudi na vidole ukurasa wa kumi na mbili na wa kumi na tatu. Safari hii nilimwita pembeni.

"Si mimi, mwalimu. Ni mama. Anafwataka na kidole."

Mama yake anauza makala, kwa makopo, kando ya njia kule Majengo. Aliacha masomo mwaka wa pili. Jioni akimaliza kuuza wanakaa, mtoto anasoma kwa taa ya simu, mama anaweka kidole chini ya neno na haruhusu mtoto aende la pili mpaka yeye amelitamka. Ndiyo maana kurasa mbili tatu kwa wiki. Mkono anaunawa, lakini anayeuza makala anajua kwamba ile nyeusi haitoki yote, hukaa kwenye mistari ya ngozi.

Niliomba msamaha mbele ya darasa zima, kwa kuwa nilimgombeza mbele ya darasa zima. Watoto walishtuka kuliko yeye. Hawakuwa wamewahi kuona mwalimu akifanya hivyo. Kisha nikaanza kukagua vitabu vingine kwa jicho lingine. Mafuta ya kupikia kwenye pembe. Bugali iliyokauka. Hesabu ya deni la duka nyuma ya jalada. Kile safi kuliko vyote, kilichochapwa vizuri kwa rangi na kunigharimu pesa nyingi, kilikuwa hakijaazimwa hata mara moja.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Siku zile sitaziandika hapa. Sisi wengine bado tunaishi humu. Shule zilifungwa. Niliporudi darasani nilikuta familia zilikuwa zimelala ndani, na rafu ya magurudumu ilishaivisha maharagwe. Likabaki gurudumu moja, limeungua upande. Vitabu vilivyokuwa juu yake vilikwenda pamoja nayo, na sina wa kumlaumu, hata mimi ningewasha. Kabati la chuma lilikuwa limevunjwa mgongo na kubaki tupu. Kufuli zote mbili zilikuwa mahali pake, zimefungwa vizuri. Direktere alizigusa moja moja, hakusema kitu, nami sikusema.

Lakini Jumatano ya tarehe 22, kabla ya yote, watoto walikuwa wameazima vitabu 34. Kaye nilikuwa nayo nyumbani. Darasa lilipofunguliwa upya lilikuwa na watoto 48, na vitabu vikaanza kuingia, kimoja leo, viwili kesho, ndani ya sashe za chumvi na unga. Vingine vilikuwa vimekimbia na kurudi. Kimoja kilifika Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, kimoja kililala siku nne chini ya kitanda pamoja na mtoto. Mpaka mwezi wa tatu vilikuwa vimerudi 23. Mistari kumi na moja kwenye kaye bado iko wazi, na jina la mtoto wa dirishani, yule wa mbuzi, limo.

Cha kuku kilirudi kikiwa hakina ukurasa wa mwisho. Uzi ulikatika njiani. Nilikipanga hivyo hivyo, sasa kwenye sanduku la sabuni.

Asubuhi moja, kabla ya kengele, mama yule alisimama mlangoni. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Alikuwa amenawa mpaka viwiko, na bado mikono aliiweka nyuma.

"Mwalimu, yambo. Nakuja na neno dogo. Ile ya kuku, iliishaka namna gani? Ukurasa ulipotea mbele ya kufika."

Nilimkaribisha akae. Alikaa kwenye dawati la bintiye, magoti yakigusa ubao wa juu, binti amesimama kando yake. Nikamsimulia mwisho nilioutunga mimi mwenyewe: meli inafika Bukavu, kuku anaruka kutoka kwenye kikapu, anataga yai ndani ya kofia ya kapiteni, kapiteni anacheka, anamrudisha Goma bila kulipa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama mtoto, mtoto akatazama dari.

"Huyu aliniambia ingine. Kwamba kuku hakushuka hata. Alibakia mule mu meli, anauzishia bantu mayayi, analipa tikiti yake mwenyewe, anaenda, anarudi."

"Huo ni wa kwake," nikasema. "Wa kitabu ni huu wangu."

Mama alifikiri kidogo. "Aaa, mwalimu. Ya mutoto ni muzuri kupita hiyo."